Ugonjwa Tulioupa Jina la Uongo



Katika daftari la mikutano la chama chetu, kwenye ukurasa wa mwezi wa Machi 2018, imeandikwa kwamba mama mmoja wa shirika letu amepatwa na saratani ya tumbo. Maneno hayo si ya kweli. Sisi sote tuliokuwa katika chumba kile nyuma ya kanisa tulijua hivyo wakati mwandishi alipokuwa akiyaandika, wala hakuna aliyenyoosha mkono kumsahihisha. Mama yule alikuwa na saratani ya njia ya haja kubwa. Mwandishi aliinua kalamu, akatutazama. Sisi tukatazama sakafu. Naye akaandika "tumbo".

Tumeombwa tuwaandikie ninyi juu ya jambo hilo, nasi tumekubali kwa shida. Kiswahili kina adabu nyingi kwa mambo ya mwili, na adabu hizo tulizipokea kwa wazee wetu tukiwa watoto. Hatutaki kuzitupa. Lakini tuliona kwa macho yetu jinsi mtu anavyoweza kukaa na maumivu mwaka mzima kwa sababu hapati neno la kuyasema mbele ya watu wanaompenda.

Jina lake hatutalitaja. Tutamwita Mama, kama tulivyomwita siku zote. Aliuza samaki wakavu katika soko la Kenya, na kanisani alikuwa msomaji, mwenye sauti nzito inayofika hadi mlangoni pasipo kipaza sauti. Jioni moja ya Oktoba 2017 shirika letu lilikutana uani kwake. Zamu ya kusoma ilikuwa yake, na somo lilikuwa lile la Injili ya Marko juu ya mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga asipate nafuu. Mama alisoma mpaka mwisho, akafunga kitabu. Tulijadili imani ya yule mwanamke kwa muda wa saa nzima, tena kwa ufasaha mwingi. Hakuna aliyejua kwamba msomaji mwenyewe alikuwa akitokwa na damu tangu Februari.

Alidhani ni bawasiri. Kila aliyemdokezea kwa mafumbo alimjibu hivyohivyo: dada yake, muuza mizizi sokoni, na mhudumu wa zahanati moja aliyempa dawa ya kupaka pasipo kumpima. Kosa hilo si la ajabu, maana dalili hufanana: damu, muwasho, maumivu wakati wa kwenda haja, kinyama kinachojitokeza. Tofauti huanza kujulikana kwa kidole cha daktari chenye glovu, kazi ya dakika moja, kisha kwa kukata kipande kidogo cha nyama na kukipeleka maabara. Kidole hicho kilimfikia Mama baada ya mwaka mzima, alipoanza kushindwa kuketi kwenye kigoda chake sokoni na kuona mtoki umevimba katika kinena.

Daktari mpasuaji aliyempokea alikuwa mtu wa maneno machache. Alitueleza, wawili wetu tuliomsindikiza Mama na mume wake, kwamba saratani hii si ile ya utumbo mpana ambayo watu huisikia mara nyingi. Nyingi za aina hii huanza katika ngozi nyororo inayofunika mfereji ule mfupi, na ngozi hiyo husikia mionzi kuliko utumbo unavyoisikia. Kwa hiyo dawa zake ni tofauti. Kivimbe kidogo sana kilicho ukingoni huweza kukatwa peke yake na mambo yakaisha. Kivimbe kikubwa kama cha Mama, ambacho kimegusa mtoki, kina njia mbili: kukata kila kitu, au kuunganisha mionzi na dawa za kemo.

Njia ya kwanza ni ya zamani. Mwaka 1908 daktari Ernest Miles wa London alieleza upasuaji wa kuondoa sehemu ya mwisho ya utumbo pamoja na njia yenyewe, kupitia tumboni na kupitia chini. Mgonjwa hufunguliwa tundu jipya kwenye tumbo, na kinyesi huingia katika mfuko maisha yake yote. Kwa miaka mingi hapakuwa na tumaini lingine kwa wagonjwa wa namna hii.

Njia ya pili ilipatikana karibu kwa bahati, nasi tunapenda kuisimulia. Katika mji wa Detroit, Marekani, daktari Norman Nigro aliwapa wagonjwa wake mionzi pamoja na dawa mbili za kemo ili kupunguza uvimbe kabla ya kuukata. Mwaka 1974 aliandika habari za wagonjwa watatu. Wawili walipasuliwa kama ilivyopangwa, na katika nyama iliyotolewa haikuonekana saratani. Wa tatu alikataa kisu. Akaendelea kuwa mzima. Kukataa kwa mgonjwa huyo, ambaye jina lake sisi hatulijui, kulikuwa kama mlango: madaktari walianza kujiuliza kama kisu kilihitajika hata kidogo. Huko Uingereza wagonjwa 585 waligawanywa katika makundi mawili, mionzi peke yake na mionzi pamoja na kemo, na matokeo yakatolewa mwaka 1996. Katika kundi la mionzi peke yake, ugonjwa ulishindikana palepale ulipoanzia kwa watu 59 katika kila 100. Katika kundi la pili, kwa watu 36. Tangu hapo muungano huo ndio tiba ya kwanza duniani, na kisu huwekwa akiba kwa ajili ya wale ambao ugonjwa umebaki au umerudi.

"Kisu ninacho," daktari alisema. "Mionzi sina."

Mwaka ule katika mji wetu hapakuwa na mashine ya mionzi. Ya karibu kwetu kwa njia ya basi ilikuwa Lusaka, ambako Wazambia walifungua hospitali yao ya saratani mwaka 2007, baada ya miaka mingi ya kuwapeleka wagonjwa wao Zimbabwe na Afrika Kusini.

Mumewe alitaka kisu, tena upesi. Tusimlaumu. Alisema, "Litolewe lote, tumalize." Mtu akiambiwa kuna mdudu ndani ya nyumba, hataki kusikia habari za moshi na subira, anataka fagio. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akamwuliza daktari, "Mimi ningekuwa dada yako, ungefanyaje?" Daktari akajibu kwamba angemtafutia dada yake kiti katika basi la Kasumbalesa.

Hapo ndipo suala lilipoingia katika mkutano wetu, na hapo ndipo yalipoonekana mengi yasiyopendeza. Chama kilikuwa na akiba. Akiba hiyo ilikuwa ya vitenge vya jubilei ya parokia. Rangi ilikwisha kuchaguliwa, na fundi amepewa sehemu ya malipo. Mmoja wetu akauliza kwa nini asipasuliwe hapahapa nyumbani, kwa gharama ndogo. Mwingine akajibu kwa ukali kwamba heri kufa kuliko kutembea na mfuko wa kinyesi. Tulicheka kidogo, kicheko kile cha kuficha hofu. Baada ya mkutano baba mmoja anayefundisha katekisimu alituvuta kando, watatu hivi, akainua shati lake. Alikuwa na mfuko. Alikuwa nao miaka tisa, kwa ugonjwa mwingine wa utumbo. Akifundisha, akicheza ngoma siku ya Pentekoste, akipanda baiskeli kutoka Katuba. Hakutukemea. Alishusha shati, akasema tu kwamba tukimshauri mama yule tumshauri kwa ukweli, sio kwa kumtisha. Tangu siku ile hatuwezi kuvumilia mtu anayeutaja mfuko kama laana. Wapo wagonjwa ambao uvimbe umewaziba kabisa, nao hufunguliwa tundu la muda kabla ya mionzi, wapo wanaokaa nalo daima, nao huishi.

Maneno mengine yalikuwa mabaya zaidi. Yalisemwa kisimani na katika ujumbe wa simu: kwamba ugonjwa wa mahali pale haumpati mtu asiye na dhambi ya namna fulani. Tunawaandikia ninyi vijana kwa sababu baadhi ya ujumbe huo ulitoka katika simu za vijana.

Yafuatayo ni kweli, nanyi myashike. Saratani tisa katika kumi za aina hii huletwa na kirusi kiitwacho papiloma, hasa namba 16, kirusi kilekile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. Mtaalamu Mjerumani Harald zur Hausen alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2008 kwa kuonyesha uhusiano wa kirusi hicho na saratani ya mlango wa kizazi. Kirusi hiki huambukizwa kwa kugusana ngozi. Karibu kila mtu aliyewahi kuwa na mwenzi hukutana nacho wakati fulani, na miili mingi hukifukuza yenyewe ndani ya miaka miwili. Pale kinapobaki, huweza kulala miaka mingi kabla ya kuharibu. Mwanamke aliyeolewa akiwa msichana, asimjue mwanamume mwingine, aweza kuugua. Na katika nchi nyingi wanawake huugua saratani hii kuliko wanaume. Hatari huongezeka kwa wavutaji wa sigara na kwa wenye virusi vya Ukimwi, ambao wakitumia dawa zao kila siku hutibiwa kwa mionzi na kemo kama wengine. Kwa hao, utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2022 umeonyesha kwamba kuondoa vidonda vya awali, kabla havijageuka saratani, hupunguza hatari kwa zaidi ya nusu. Tena chanjo ipo. Jirani zetu wa Rwanda wanawachanja wasichana wao tangu mwaka 2011.

Lakini tuwe wa kweli. Tulipokuwa tukieleza haya yote katika mkutano wa pili, ili kumsafisha Mama, kijana mdogo kuliko wote alisimama. Aliuliza: na kama angekuwa ameishi maisha mengine, nauli tungemnyima? Hakuna aliyemjibu. Kura zilipigwa: kumi na saba kwa kumi na nne. Akiba ikaenda Lusaka, na jubilei tuliisherehekea kwa nguo tulizokuwa nazo. Fedha hazikutosha, kaka yake Mama aliuza kiwanja. Baadhi ya wale kumi na wanne walileta mchango wao usiku, kimya, na baadhi hawakuleta mpaka leo. Ndivyo tulivyo.

Waliomsindikiza Mama mwezi wa Mei walikuwa wawili kutoka kwetu, pamoja na mzee mmoja mstaafu wa Gécamines aliyekuwa akienda Kitwe kwa mwanawe. Kasumbalesa iko yapata kilomita 90 kutoka Lubumbashi. Asubuhi ile foleni ya malori ilikuwa ndefu kuliko macho, mengi yamebeba shaba na kobalti, nasi tulipita kando yake kwa mwendo wa kobe, Mama akiwa ameketi juu ya mto wenye shimo katikati uliotengenezwa na dada yake. Hapo mzee alianza kusema. Hatukuwa tumemwuliza.

Alisema baba yake alifanya kazi Union Minière, na kwamba Shinkolobwe, karibu na Likasi, haikuanza kwa bomu kama watu wanavyodhani. Madini yale yaligunduliwa mwaka 1915. Kilichotafutwa kwanza ndani yake kilikuwa radiumu, si urani, na mwaka 1922 kiwanda cha Olen huko Ubelgiji kilianza kuitoa katika mawe ya Katanga. Mawe yetu yalikuwa na utajiri mwingi hivi kwamba Ubelgiji ikalitawala soko la radiumu la dunia. Na radiumu ilikuwa ya nini? Ilikuwa ya kutibu saratani. Iliwekwa ndani ya sindano na mirija midogo, ikaingizwa katika uvimbe wa wagonjwa wa Ulaya na Amerika. Baadaye, mwaka 1951, Wakanada walikuwa wa kwanza kutumia mashine za kobalti 60, nazo zikaenea duniani kote. Kobalti ya kawaida, kama ile iliyo katika malori yale, huwekwa ndani ya kinu cha nyuklia mpaka igeuke kuwa chanzo cha mionzi.

Mzee aliinyooshea foleni kidole. "Dawa ya mama huyu," alisema, "imo katika ardhi yetu tangu Mungu aiumbe. Inatangulia mpakani, na sisi tunaifuata nyuma kwa basi."

Tumelifikiria neno hilo mara nyingi. Mmoja wetu husema ni uchungu wa mzee tu, kwamba jiwe si mashine, na mashine bila fundi, bila umeme usiokatika na bila mtaalamu wa kupima mionzi ni chuma kitupu. Ni kweli. Huko Kampala, mwaka 2016, mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na nchi nzima ikakaa hadi mwisho wa mwaka 2017 kabla ya kupata nyingine. Lakini fundi hufundishwa, na umeme hujengwa. Ninyi mnaosoma fizikia katika shule zetu, tumewaza juu yenu tulipokuwa katika basi lile.

Lusaka, Kibemba kilitusaidia kuliko pasi zetu. Mama alizaliwa upande wa Sakania, na wauguzi wawili walimwita mama mdogo tangu siku ya kwanza. Alipangiwa mionzi siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa, mara 28 kwa jumla, kila mara dakika chache tu. Siku ya kwanza alichomwa mitomisini. Fluorourasili ilipita katika mshipa polepole, siku nne mfululizo, katika wiki ya kwanza na tena katika wiki ya tano. Wiki mbili za mwanzo alitucheka: je, ndio huo moto mnaoogopa? Katika wiki ya nne hakucheka tena. Ngozi ya chini ilibabuka kama aliyemwagiwa uji wa moto, tumbo likaharisha, vidonda vikatoka kinywani, na damu yake ikapungua nguvu hata akakatazwa kukaa karibu na mwenye mafua. Aliketi katika beseni la maji ya vuguvugu asubuhi na jioni. Sombe aliyoipenda alikatazwa kwa muda, akabaki na wali na bukari laini. Jambo moja hatukulijua, naye aliambiwa na muuguzi kwa upole: mionzi ya sehemu ile hukomesha uzazi, na huweza kuikaza njia ya mwanamke, kwa hiyo yapo mazoezi ya kufanya baadaye pasipo aibu. Mama alikuwa amepita umri wa kuzaa. Kwa msichana habari hiyo ingekuwa msiba mwingine, na inafaa aisikie kabla ya kuanza, si baada.

Kulikuwa na Jumatano moja alipokataa kwenda. Alisema amechoka kuvuliwa nguo mbele ya watoto wa watu. Tulikuwa na maneno mengi ya kumtia moyo, na yote yalikuwa hovyo. Yule mdogo wetu wa kike alikaa naye sakafuni, akasuka nywele zake, hakusema kitu. Saa nane Mama aliomba viatu vyake. Tiba hii haipendi kukatizwa. Siku zinazopotea humpa adui nafasi.

Alirudi mwezi wa Julai, mwembamba, mweusi kama mkaa pale mionzi ilipopita. Watu waliuliza: amepona? Jibu gumu kuliko yote lilikuwa kwamba bado hatujui. Uvimbe wa aina hii huyeyuka polepole. Waingereza, katika utafiti mwingine wa wagonjwa 940, waligundua kwamba wengi ambao walikuwa bado na mabaki katika wiki ya 11 walikuwa safi kabisa ilipofika wiki ya 26. Anayekimbilia kisu mapema aweza kukata mwili ambao ungepona wenyewe. Kwa hiyo tulingoja miezi sita, na mumewe, yule aliyetaka fagio, alihesabu wiki kwa chaki nyuma ya mlango wa jiko. Yapo mengine kwa wale ambao ugonjwa umesambaa: dawa za kaboplatini na paklitakseli, na tangu Mei 2025 Marekani imekubali kuongeza retifanlimabu, dawa inayoamsha kinga ya mwili, ambayo mifuko yetu haiwezi hata kuitaja bei. Tulizisoma habari za kaboplatini tukimwomba Mungu tusizihitaji.

Januari 2019 daktari yuleyule wa maneno machache alimpima kwa kidole chake, akamchunguza kinena, akatazama picha. Akasema, "Sioni kitu." Kisha akampa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu, na nyingine, na nyingine, kwa miaka mitano. Mama hakukosa hata moja. Mpaka leo haja humkimbiza wakati mwingine, na hukaa kiti cha mwisho karibu na mlango. Sauti ni ileile.

Tarehe 11 Februari mwaka ule, Siku ya Wagonjwa, alikuja mkutanoni. Tulikuwa tumeandaa keki na hotuba. Hakutaka hotuba. Aliomba daftari, akafunua kurasa hadi Machi 2018, akaweka kidole juu ya neno "tumbo", akamwambia mwandishi, "Mwanangu, andika lilivyo." Mwandishi alikata neno kwa mstari mmoja, akaandika juu yake. Mkono ulimtetemeka kidogo. Ukitazama daftari utaona. Mama akalisoma neno lile jipya mbele yetu kwa sauti yake ya kanisani, polepole, kama asomavyo majina ya wazee wa Israeli.

Jumapili iliyofuata baba mmoja, ambaye hatukumzoea, alitungoja nje ya kanisa mpaka watu walipokwisha kutawanyika. Alizungumza kwanza juu ya mvua. Kisha, akitazama kofia yake, aliuliza yule daktari wa Mama huonana na wagonjwa siku gani. Tukamwambia: Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi, na tukamwuliza kama angependa mmoja wetu aende naye.